Maji ya Mfereji na Mtambo wa Mashua

Katika mazungumzo haya nataka niwachukue mpaka Uingereza, kwenye mifereji yake ya zamani, tukatazame jambo ambalo wasafiri wengi hupita bila kuliona. Nalo ni kijito cha maji, chembamba kama kidole cha mtu, kitokacho ubavuni mwa mashua wakati mtambo wake uendapo. Mgeni akikiona hudhani chombo kinavuja na watu walio ndani wanafua maji ya ngama. Lakini mwenye chombo hukitazama kama mama apikaye atazamavyo moto wake: mikono yafanya kazi nyingine, jicho halisahau. Kijito kikikoma, hana nafasi ya kutafuta shauri. Ana dakika chache tu.

Ili tufahamu sababu yake, yafaa tuanze mbali kidogo.

Mwaka 1761 mkabaila mmoja wa Kiingereza, Duke wa Bridgewater, alifungua mfereji wa kuchukulia makaa ya mawe kutoka machimbo yake ya Worsley kwenda mji wa Manchester. Fundi wake alikuwa James Brindley, mtu aliyejua kusoma na kuandika kwa shida sana, lakini aliyeweza kuyachukua mahesabu ya kazi kubwa kichwani mwake. Mahali penye mto Irwell, mfereji ule ulivushwa juu kwa daraja la mawe, hata watu wakaja kutoka mbali kutazama mashua zikipita juu ya mashua nyingine zilizokuwa mtoni chini yake. Bei ya makaa mjini ikashuka hata karibu nusu. Matajiri wengine walipoona faida ile hawakulala. Katika miaka 70 iliyofuata, mifereji ilichimbwa ikatapakaa katikati ya Uingereza, yote kwa sururu, sepeto na toroli, bila mashine ya kuchimbia. Kwa ajili hiyo watu wa mashua hawakuuita mfereji. Wao waliuita kwa neno lao lenye maana ya mkato, maana waliona ni nchi iliyokatwa kwa mikono ya watu.

Penye mwinuko walijenga vyumba vya mawe au matofali vyenye milango pande mbili. Mashua huingia, mlango hufungwa, maji hujazwa au hupunguzwa, nayo hupanda au hushuka kama mtu akweaye ngazi. Vyumba hivi huko katikati ya nchi vilijengwa vyembamba, upana futi 7 tu na urefu kidogo zaidi ya futi 70, ili kupunguza gharama na kutopoteza maji. Basi mashua nazo zikawa hazina budi kufuata kipimo hicho: ndefu kama mnazi ulioanguka, nyembamba kuliko chumba cha kulala. Mashua moja ya namna hii yachukua tani 25 hivi. Farasi mmoja aliivuta kwa kamba, akitembea katika njia iliyo kando ya maji. Penye mahandaki, kama lile la Blisworth lililofunguliwa mwaka 1805, lenye urefu wa karibu maili moja na robo tatu, farasi alipelekwa juu ya kilima, na watu walilala chali juu ya mbao, wakaisukuma mashua kwa kukanyaga kuta gizani.

Kisha yakaja magari ya moshi. Bei za kuchukulia mizigo zikashuka, na mtu wa mashua hakuweza tena kulipa pango la nyumba nchi kavu pamoja na mshahara wa msaidizi. Akafanya nini? Akamchukua mkewe na watoto, akawatia katika chumba kidogo cha tezi, chenye urefu wa futi 10 hivi, ndimo wakaishi. Humo walipika, humo walilala, humo watoto walizaliwa. Mwaka 1877 na tena mwaka 1884 bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya mashua hizi, kwa ajili ya afya ya watu na masomo ya watoto, baada ya George Smith wa Coalville kupiga kelele kwa maandiko yake. Sheria ilikuwa njema. Lakini shule haina magurudumu wala haielei, na mtoto ambaye leo yupo hapa na kesho yupo maili 20 mbele, atasoma na nani? Wengi wakakua bila kujua herufi. Mimi ni mwalimu, na jambo hili lanisikitisha kila nilisomapo. Hata hivyo tutakuja kuona kwamba watu hao hao walikabidhiwa mitambo ambayo mimi, pamoja na vitabu vyangu, ningeiharibu katika siku ya kwanza.

Kampuni ya Fellows, Morton na Clayton, iliyoundwa mwaka 1889, ilikuwa na mashua za mvuke. Zilikwenda vizuri, lakini tanuri, birika lake la chuma na makaa yake vilikula nafasi ya mzigo, na mtambo ule ulidai watu wengi wa kuuhudumia. Ndipo mwaka 1912 kampuni ikaanza kutia mtambo mwingine, uliotengenezwa na kiwanda cha Bolinder nchini Sweden. Ulikuwa na silinda moja, nguvu za farasi 15, nao ulikula mafuta mazito. Kichwani mwake palikuwa na kibuyu cha chuma. Kabla ya kuuwasha, mtu alikichoma kibuyu kwa taa ya kupuliza moto, muda wa dakika 10 au zaidi, hata kikaiva. Ndipo alipolipiga teke gurudumu zito kwa mguu, na mtambo ukaamka ukilia pu, pu, pu, sauti iliyosikiwa mbali kabla mashua haijaonekana. Mashua ya mtambo iliweza kuvuta ya pili isiyo na mtambo, aina ya tishari, hivi kwamba jamaa moja ilichukua tani 50: mume akiongoza ya mbele, mara nyingi mke akishika kana ya ile ya nyuma, na mtoto amefungwa kamba asianguke majini.

Sasa turudi kwenye kijito chetu.

Mafuta yaunguapo ndani ya silinda, joto hupita nyuzi 1500 kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Chuma cha kusubu huyeyuka kabla ya kufika huko. Katika joto lote la mafuta ni sehemu ndogo tu igeukayo kazi ya kuzungusha rafadha. Jingine hutoka na moshi, na jingine, yapata robo au hata theluthi ya lote, huingia katika chuma chenyewe, nalo hapana budi liondolewe saa zote. Lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha hugeuka mepesi kama maji, pistoni hunenepa ndani ya silinda, na mwishowe chuma hushika chuma. Mtambo husimama kwa kishindo, na kuusimamisha tena ni kazi ya fundi na fedha.

Motokaa hubeba maji yake yenyewe, ikayazungusha mbele ya upepo yapoe, kisha ikayatumia tena. Mashua yafanana na mtu aketiye kando ya kisima. Kwa nini abebe mtungi? Basi wale mafundi wa zamani waliyatumia maji ya mfereji. Yaliingia baridi, yakauzunguka mtambo katika nafasi iliyoachwa kati ya kuta mbili za silinda, yakatoka yana joto, yakarudi mfereji. Hiyo ndiyo maana ya kijito. Ni njia rahisi kabisa, na kwa kuwa ni rahisi watu hudhani haina matunzo. Lakini nani awezaye kusema maji ya mfereji ni safi?

Mfereji si mto. Maji yake husimama, au huenda polepole mno. Kila jani liangukalo hubaki humo, likaoza. Kina chake ni kama futi 4, na pengine pungufu kwa sababu ya tope lililoongezeka miaka mingi, nayo rafadha hulivuruga tope hilo kila ipitapo. Kwa hiyo maji yanyonywayo na mtambo mara nyingi ni kama uji. Zamani mafundi walijua hayo, wakatengeneza sanduku la chuma ndani ya mashua, limeshikamana na ubavu wake, na katika ubavu ule wakatoboa matundu chini ya maji. Maji huingia sandukuni yenyewe, yakatulia kidogo. Tope likazama chini, majani yakanaswa na chujio, na pampu ikanyonya yaliyo safi kidogo ya hapo. Mfuniko wa sanduku umewekwa juu kuliko usawa wa maji ya nje, ili mtu aweze kuufungua mashua ikiwa inaelea bila kujizamisha. Tazama akili iliyo katika kipimo hicho! Fundi aliyekosea inchi chache angewazamisha watu usingizini.

Basi utunzaji wa kwanza ni sanduku hili. Hufunguliwa asubuhi kabla ya kuwasha mtambo. Tope hukombwa kwa mkono au kwa kikombe, majani hutupwa, chujio hukung'utwa. Wakati wa majani kupukutika, asubuhi peke yake haitoshi. Ni kazi chafu, baridi, na mkono huingia mpaka kiwiko katika tope lenye uvundo. Hakuna anayeipenda, na ndiyo maana huachwa.

Kisha pampu. Katika mitambo ya zamani ilikuwa mara nyingi ya mchi upandao na kushuka, yenye vali ndogo mbili, moja ya kuruhusu maji kuingia na moja ya kuyatoa. Punje ya mchanga ikikaa chini ya vali, vali haifungi, na maji hurudi yalikotoka. Mchi wacheza bure. Katika mitambo ya siku hizi pampu huwa na gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, lizungukalo ndani ya kibweta cha shaba. Mpira huu huhitaji maji ili kulainika. Likizunguka kavu, hata kwa muda mfupi sana, mabawa yake huungua na kukatika, na hapo huja hatari ya pili ambayo wengi huisahau: vipande vilivyokatika husafiri na maji, vikaziba njia nyembamba mbele. Mtu akitia gurudumu jipya bila kuvitafuta vile vya zamani, ameziba tundu na kumwacha nyoka ndani. Yafaa aweke sehemu mezani, ahesabu mabawa yaliyobaki, kisha ayatafute yaliyopungua mpaka yatimie. Mafundi waangalifu hubadili gurudumu hili kila mwaka, hata kama lingali zima.

Kuna na kosa la mtu mwenye haraka. Ameona kijito kimekoma, amezima mtambo, amesafisha sanduku, kila kitu tayari. Huuwasha mara ile ile, na maji baridi ya mfereji yakaingia katika chuma kilichokolea moto. Chuma cha kusubu kikapasuka kama chungu kilichotolewa jikoni na kumwagiwa maji. Dawa yake ni kungoja. Lakini kungoja kwalipiwa na nani? Watu wa mashua walilipwa kwa tani walizofikisha, si kwa siku walizokaa. Saa mbili kando ya mfereji ni saa mbili bila mshahara, na nyuma yao wengine wanakuja, watafika kwenye milango ya maji kwanza.

Tena si vema mtambo upozwe kupita kiasi. Silinda iliyo baridi mno huuguza mtambo polepole: mafuta hayaungui yote, masizi hujaa, na kuta hulika upesi. Kwa hiyo palitiwa koki ya kupunguza maji. Wengi hawakuwa na kipimo cha joto. Walikinga mkono katika kijito. Ikiwa maji ni baridi, waliyapunguza. Ikiwa mkono hauwezi kuyavumilia, waliyaongeza. Mtu asiyejua kusoma namba alikuwa na kipimo chake katika kiganja, na sikio lake lilisikia mlio wa mtambo ukibadilika kabla moshi haujabadilika rangi. Watoto wake walijifunza hayo kwa kuketi karibu naye. Nami huwaambia wanafunzi wangu wa ualimu wafikiri sana kabla ya kumwita mtu mjinga.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu walipopungua, kampuni ya uchukuzi ya mfereji wa Grand Union ilipokea wanawake wa kujifunza kazi hii, kuanzia mwaka 1941 na 1942. Wengi wao walitoka katika nyumba za wenye nafasi, wamesoma vizuri, hawajapata kushika spana. Watatu watatu walipewa mashua mbili, wakachukua vyuma na shehena nyingine kutoka gati za London mpaka Birmingham, na kurudi na makaa kutoka upande wa Coventry. Mzunguko mmoja wiki tatu hivi. Kutunza mtambo lilikuwa juu yao wenyewe. Baadhi yao waliandika vitabu baadaye, na katika hadithi zao twaona jinsi wasomi walivyolazimika kuwa wanafunzi wa wasiosoma. Wengi waliacha kabla ya miezi mingi kupita, kwa baridi, kwa njaa ya usingizi, kwa mikono iliyopasuka. Wachache walistahimili mpaka mwisho wa vita.

Mwaka 1944 L. T. C. Rolt, fundi wa mitambo aliyeishi katika mashua yake iitwayo Cressy, alitoa kitabu juu ya mifereji na watu wake. Kitabu kile kiliwaamsha wengi, na mwaka 1946 kikaundwa chama cha kuitetea mifereji, maana mingi ilikuwa ikiachwa ikauke. Tarehe 1 Januari 1948 sehemu kubwa ya mifereji ikatwaliwa na serikali. Lakini biashara ya mizigo ilikuwa imekwisha kuugua, na kilichoimaliza kilikuwa maji yenyewe.

Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963 yalikuwa makali mno. Tangu mwisho wa Desemba mpaka mapema Machi mifereji ilifungwa kwa barafu, mashua zikashikwa pale zilipo kama nzi katika asali. Hapa nawaeleza ninyi ambao hamjaona maji yakigeuka jiwe: maji yagandapo hayapungui, bali huongezeka ukubwa kwa karibu sehemu 9 katika 100, wala hakuna chuma kiwezacho kuyazuia. Yakigandia ndani ya silinda au pampu, huipasua. Kwa hiyo mtu wa mashua, kila usiku wa baridi, alikuwa na desturi ya kufungua koki zilizo chini ya mtambo na kuyamwaga maji yote, kisha kuzichokoa kwa waya, kwa kuwa tope huziba tundu nalo humdanganya mtu kwamba maji yamekwisha. Usiku mmoja wa kusahau ulitosha kuharibu mtambo uliofanya kazi miaka 30. Katika ile baridi kubwa, hata waliomwaga maji hawakupata kazi. Wateja waliona makaa yaja kwa malori na reli, wakazoea. Mwaka ule ule wa 1963 serikali ikaacha karibu uchukuzi wake wote wa mashua nyembamba. Waliosalia, watu wachache wenye mashua zao, waliendelea kidogo. Safari za makaa kwenda kiwanda kimoja cha jemu huko Southall, karibu na London, zilikoma mwaka 1970.

Leo mashua nyembamba ni nyingi mifereji ile, lakini huchukua watu wa mapumziko, na wengine wamezifanya nyumba. Nyingi ni za chuma cha feleji, na mafundi wamepata njia nyingine ya kupoza. Ubavuni, chini ya usawa wa maji, ndani ya chombo, huunganishwa tangi pana lisilo nene. Maji ya mtambo, yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda, huzunguka humo, yakipozwa na mfereji uliopo upande wa pili wa bamba, pasipo tone moja la nje kuingia. Hakuna jani, hakuna tope, hakuna sanduku la kukombwa. Njia hii ni bora, sikatai. Ila mwenye mashua hana tena kijito cha kumwambia habari. Amebaki na kipimo cha saa ubaoni, nacho kikiharibika hana la kushika mkononi.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Injini ndogo zifungwazo nyuma ya mitumbwi katika Ziwa Nyanza na katika pwani yetu hupozwa kwa maji ya nje vile vile, kwa gurudumu la mpira lile lile, na zina kijito chao kidogo kirukacho nyuma. Wakati mmoja nilikuwa nikivuka ziwa pamoja na abiria wengine, upepo ukianza kuinuka, nikamwona kijana aliyeshika usukani akigeuka nyuma mara moja, kisha akauzima mtambo bila kusema neno. Abiria wakamlaumu, wengine wakaanza kuomba. Yeye akaiinamisha injini ndani, akang'oa mfuko wa plastiki uliokuwa umeganda kwenye matundu ya kunyonyea maji, akaketi. Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, twende basi, mawimbi yaja." Kijana akajibu, "Shikamoo, mzee. Ngoja kwanza ipoe." Tukapiga makasia kama robo saa hivi, tukiielekeza omo kwenye mawimbi. Alipoivuta kamba, injini ilikubali, na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kunyoosha mkono nyuma na kuukinga katika kile kijito.

Kwa wale watumiao injini baharini kuna jambo moja zaidi. Maji ya chumvi yakipata joto la nyuzi 60 hivi huanza kuacha magadi ndani ya njia zake, kama birika la chai liachavyo ukoko, nazo njia huzidi kuwa nyembamba. Kwa hiyo injini za baharini zipozwazo moja kwa moja huachwa ziende kwa joto la chini kuliko zile za maji matamu, na baada ya kazi yafaa zisafishwe kwa maji ya kisima.

Huko Uingereza mashua kadhaa za zamani zimehifadhiwa, pamoja na President, mashua ya mvuke iliyojengwa mwaka 1909. Penye kijiji cha Stoke Bruerne, karibu na mdomo wa kusini wa handaki la Blisworth, pana nyumba ya makumbusho ya mfereji iliyofunguliwa mwaka 1963, mwaka ule ule wa barafu. Na wako watu ambao bado wanayo mitambo ya Bolinder, wakiiwasha kwa taa ya moto na teke la mguu. Asubuhi, kabla ya taa kuwashwa, hupiga magoti, hufungua mfuniko wa sanduku, na kutia mkono.